Mwanafunzi wa fedha Goma asingoje benki zifunguliwe

Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mashariki mwa Kongo (Kinshasa), mabenki ya mji huu yalifunga milango. Katikati ya Februari Bukavu ikakutwa na hali hiyo hiyo. Tangu hapo yamesemwa mengi kuhusu mishahara iliyokwama, watu wanaovuka mpaka wa Petite Barrière kutafuta noti Gisenyi, upande wa Rwanda, na komisheni ya kutoa pesa kwenye simu. Kuna kundi moja ambalo shida yake inaelezwa vibaya: wanafunzi wa fedha, uhasibu na biashara wanaodaiwa staji, yaani mafunzo ya vitendo mahali pa kazi, kabla ya kumaliza masomo. Jibu wanalopewa na wengi, wazazi na walimu pamoja, ni kwamba bila benki hakuna staji ya kweli. Basi mwanafunzi atafute popote pa kugongewa muhuri, aandike ripoti, amalize.

Jibu hilo limekosea mara mbili. Kwanza limekosea kuhusu benki yenyewe, kwa sababu staji ya benki, jinsi ilivyokuwa ikifanyika hapa, mara nyingi haikumfikisha mwanafunzi kwenye kiini cha kazi ya fedha. Pili limekosea kuhusu mji. Kazi ya fedha haikufa Goma siku mabenki yalipofunga. Imetawanyika: iko kwenye kabini (vibanda vya pesa za simu), kwenye COOPEC (vyama vya akiba na mikopo), kwa makambisti (wabadilisha fedha) wa mtaa wa Birere, kwenye ofisi za hesabu za depo kubwa, famasia na mashirika. Huko inaonekana kwa macho kuliko ilivyowahi kuonekana nyuma ya kioo cha gishe. Kinachokosekana ni mpango, msimamizi na juri (jopo la watahini) inayojua iulize nini. Hivyo vitatu vinaweza kupatikana bila kungoja uamuzi wa Kinshasa wala wa mtu mwingine yeyote.

Uzito wa jambo hili unatokana na mfumo wa masomo. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ndiyo iliyoleta nchini mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), na vyuo vikaanza kuutumia kwa upana katika mwaka wa masomo 2021-2022. Zamani mwanafunzi alikuwa na miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi, na akiharibu staji ya kwanza alikuwa na ya pili. Sasa lisansi ni miaka mitatu, kredi 180. Nafasi ya kugusa kazi kabla ya kutafuta kazi ni moja. Mwaka ukipita na staji ya karatasi tupu, anayetoka na diploma hajawahi hata kufunga hesabu ya siku moja.

Tuitazame staji ya benki kama ilivyokuwa. Stajieri alipewa mwezi, akazungushwa kwenye vitengo: mapokezi, gishe, mikopo, hesabu. Benki haikuweza kumpa nenosiri la kuingia kwenye mfumo wake, na ilikuwa na haki, kwa sababu siri ya mteja haikabidhiwi mtu atakayeondoka baada ya siku thelathini. Basi alibaki na kazi za pembeni: kupanga mafaili ya kufungua akaunti, kutoa fotokopi za kadi za mpiga kura, kuangalia kama fomu ina sahihi zote, kuelekeza wateja kwenye foleni. Sizidharau kazi hizo. Zinafundisha utaratibu, kufika saa kamili na kufunga mdomo. Lakini matokeo yake yalionekana kwenye ripoti: kurasa nyingi za historia ya benki na organigramu (mchoro wa vyeo), kisha ukurasa mmoja na nusu wa kazi zilizofanyika, kisha mapendekezo ya kuongeza kompyuta. Mwanafunzi alikuwa ameketi mita mbili kutoka kwenye kazi ya fedha bila kuigusa.

Kufungwa kwa mabenki kumeiweka kazi hiyo hadharani, na somo la kwanza ni tofauti kati ya kuwa na mali na kuwa na noti. Watu wengi mjini wanaamini kwamba pesa za kwenye simu zimepungua thamani, au kwamba kampuni za simu hazina kitu. Sivyo mfumo ulivyojengwa. Kwa kanuni za Benki Kuu ya Kongo, kampuni inayotoa pesa za kielektroniki lazima iwe imeweka benki kiasi kinacholingana na pesa zilizo kwenye simu za wateja. Dola iliyo kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money ina mwenzake katika akaunti ya benki. Kilichokatika ni njia ya noti. Zamani wakala mkubwa aliyejaa noti alizipeleka benki akapata floti (salio la simu la kuhudumia wateja), na aliyejaa floti alikwenda benki akapata noti. Benki ilikuwa bomba linalorudisha usawa kila asubuhi. Bomba likifungwa, noti zinabaki kwa wale wanaouza bidhaa kwa keshi kila siku: wenye depo za vinywaji, wauza unga na mafuta, wafanyabiashara wa bandari ya Kituku. Anayezihitaji lazima azinunue kwao kwa bei. Bei hiyo ndiyo komisheni inayolalamikiwa mitaani.

Mwanafunzi akilielewa hili ameelewa sura nzima ya kitabu cha fedha ambayo darasani husomwa kama dua. Akitaka kuipima, hesabu iko mbele yake. Tuseme komisheni ni asilimia 4 na inakatwa kwenye kiasi kinachotumwa. Mwalimu mwenye dola 300 kwenye simu anaondoka na 288. Akitaka apate 300 kamili mkononi, atume ngapi? Wanafunzi wengi watajibu 312, kwa kuongeza asilimia 4 juu ya 300. Jibu ni 312.50, yaani 300 kugawanya kwa 0.96. Senti hamsini zinaonekana ndogo, lakini shirika linalolipa watu mia tano kwa njia ya simu likikosea hapo, linakosa dola 250 katika siku moja ya malipo, na mhasibu ndiye atakayeulizwa.

Nakuja kwenye kabini, maana hapo ndipo ubishi ulipo. Hoja inayorudiwa zaidi ni kwamba kabini ni biashara ndogo ya barabarani, meza na mwavuli, kwa hiyo mtu wa chuo kikuu hana cha kujifunza pale. Ni hoja dhaifu kuliko zote, na anayeisema hajawahi kukaa kwenye kabini saa kumi na mbili jioni kufunga hesabu. Kabini ya kawaida Goma ina mitandao mitatu, na kila mtandao una akaunti mbili, ya dola na ya faranga. Hayo ni masalio sita. Ongeza noti za dola na noti za faranga mkononi, yanakuwa manane. Kila muamala unagusa mawili kwa wakati mmoja: mteja akiweka, noti zinapanda na floti inashuka kwa kiasi kile kile; akitoa, ni kinyume. Jumla ya kila sarafu haipaswi kubadilika isipokuwa kwa mambo matatu: komisheni iliyoingia, kubadilisha sarafu, au kosa. Hiyo ndiyo hesabu ya pande mbili inayofundishwa mwaka wa kwanza, na hapa inafanyika bila mtu kuitaja jina.

Tuchukue mfano wa upande wa dola peke yake. Asubuhi kabini ilifungua na dola 500 za noti na dola 700 kwenye simu, jumla 1,200. Jioni zinahesabiwa noti kwa aina zake, za mia, za hamsini, za ishirini, mpaka ya moja, zinapatikana 290. Kwenye simu zote kuna 898. Jumla ni 1,188. Zimepungua dola 12. Mtu asiyefundishwa ataanza kumshuku kijana anayemsaidia. Mwenye kazi anaanza na upande wa faranga. Kama dola ilikuwa faranga 2,300 na upande wa faranga una ziada ya 27,600, hakuna kilichopotea: mteja alileta faranga akawekewa dola kwenye simu, na aliyehudumia hakuandika kwamba amebadilisha. Kama faranga hazina ziada, unafungua historia ya miamala kwenye kila laini ya simu na kuisoma sambamba na daftari, mstari kwa mstari. Hapo hujitokeza kosa la pili kwa wingi: kutuma mara mbili. Mtandao unachelewa, ujumbe wa uthibitisho haufiki, wakala anadhani muamala umekataliwa, anarudia, kisha zote mbili zinapita. Dawa yake ni kuangalia salio na historia kabla ya kurudia, hata kama mteja anapiga kelele. Kosa la tatu ni ujumbe wa uongo: mtu anaonyesha SMS iliyoandikwa ifanane na ya mtandao, wakala anatoa noti, na salio lake halikusogea hata senti. Kinachothibitisha kuwa pesa zimeingia ni salio, na ujumbe kwenye simu ya mteja hauthibitishi lolote. La nne ni la kibinadamu: jirani aliyekopeshwa dola tano "mpaka kesho" bila kuandikwa.

Stajieri anayefanya kazi hii kila jioni kwa wiki nne, akiandika sababu ya kila pengo, atakuwa amejifunza udhibiti wa ndani kwa namna ambayo kozi ya ukaguzi haiwezi kumpa. Ataona kwa nini anayetunza noti hapaswi kuwa ndiye anayeandika daftari. Ataona kwa nini nambari ya siri ya wakala isijulikane na watu watatu. Kisha atasoma kanuni akizitambua.

Sarafu nazo zina somo lao. Mwaka 2025 ulipokuwa ukielekea mwisho, faranga ya Kongo ilipanda thamani kwa kasi: dola iliyokuwa karibu na faranga 2,800 ikashuka chini ya 2,400. Chukua duka lililokuwa na dola 1,000 sandukuni na linatoa ripoti kwa faranga. Limepoteza zaidi ya faranga 400,000 kwenye karatasi bila mtu kuiba na bila kuuza kwa hasara. Mwenye duka asiyejua jambo hili anamtuhumu keshia wake. Mwanafunzi aliyekaa na kambisti anajua kwamba faida ya kambisti haitoki kwenye kushuka au kupanda kwa dola. Inatoka kwenye pengo dogo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, lililozidishwa kwa mizunguko mingi ya siku, na kambisti mzuri huogopa kulala na dola nyingi siku bei zinapoyumba. Pia atajifunza jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji: noti ya dola yenye mpasuko wa milimita chache hukataliwa Goma, au hupokelewa kwa bei pungufu, na noti za faranga zilizochakaa huleta ubishi sokoni kila siku. Kwa hiyo katika kuhesabu sanduku, noti mbovu zitengwe na kuandikwa peke yake. Ukizichanganya na nzima, sanduku linaonekana limejaa kumbe sehemu yake haitumiki.

Kwa upande wa uhasibu wa makampuni, mambo ni hayo hayo. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, Septemba 2012, na mpango wa hesabu uliorekebishwa, SYSCOHADA, ulianza kutumika Januari 2018. Mpango huo una akaunti ya 52 kwa mabenki, 57 kwa sanduku, na ya 55 kwa ajili ya pesa za kielektroniki, yenye kifungu chake cha simu, 552. Nenda kwenye depo au famasia hapa mjini utakuta pesa za simu zimeandikwa chini ya 57, kama vile ni noti, au chini ya 52, kama vile ni benki. Siku ya kulinganisha hesabu hakuna kinacholingana, maana sanduku la kwenye daftari lina pesa ambazo hazimo sandukuni. Stajieri anayeweza kukaa na mhasibu wa famasia, kutenganisha miamala ya miezi mitatu na kuihamishia mahali pake, ameacha kitu chenye faida. Mwenye famasia atampokea mwingine mwaka unaofuata.

COOPEC inastahili kuzungumziwa zaidi, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na benki kwa umbo la kazi. Vyama hivi vya akiba na mikopo vilitungiwa sheria yao Februari 2002, na Benki Kuu ndiyo inayovipa ruhusa na kuvisimamia. Kivu ina historia ndefu navyo. Mkopo mmoja tu, ukifuatwa tangu ombi hadi malipo ya mwisho, unatosha kumfundisha mwanafunzi. Mama anayeuza viazi soko la Virunga anaomba dola 1,000. Hana daftari. Afisa wa mikopo lazima ajenge hesabu kutokana na maswali: anaingiza magunia mangapi kwa wiki, ananunua kwa bei gani, siku nzuri anauza ngapi, siku ya mvua anauza ngapi, mangapi yanaoza, watoto wangapi wako shule, kodi ya nyumba ni kiasi gani, ana deni la likelemba (mchango wa zamu) au la AVEC (kikundi cha akiba cha kijijini au mtaani). Kisha anakwenda kuona mzigo wenyewe, na anarudi siku nyingine bila kutangaza, maana mzigo wa siku ya ziara unaweza kuwa wa jirani. Anayebaki ofisini haoni lolote kati ya haya.

Halafu inakuja riba. Tuseme ni asilimia 3 kwa mwezi, miezi sita. Ikihesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo kila mwezi, mama atalipa riba ya dola 180. Ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, huku mtaji ukirudishwa sawasawa kila mwezi, atalipa 105. Asilimia iliyotajwa ni ile ile, gharama imetofautiana kwa dola 75. Mwanafunzi anayeweza kumweleza mteja tofauti hii kwa lugha ya sokoni, kabla hajaweka sahihi, anajua kazi. Na wakati wa kupima afya ya mikopo, kuna kosa ambalo limejaa kwenye ripoti za wanafunzi: wanachukua marejesho yaliyochelewa tu. Mtu aliyekopa dola 1,200 kwa awamu kumi za mtaji za 120, akalipa tatu na kuchelewesha ya nne zaidi ya siku 30, hajaweka hatarini dola 120. Ameweka hatarini mtaji wote uliobaki, dola 840. Ukigawanya jumla ya mitaji ya namna hiyo kwa mikopo yote iliyo nje, ndipo unapata kipimo ambacho msimamizi anakiangalia. Ukitumia 120, chama kilicho mahututi kitaonekana kizima.

Tangu 2025 kipimo hicho si zoezi la darasani. Chama cha akiba kwa kawaida huweka sehemu ya pesa zake benki. Benki ikifunga, sehemu hiyo ipo kwenye daftari lakini haiwezi kumlipa mwanachama aliyesimama gisheni. Wakati huo huo wakopaji waliopoteza mzigo au waliohama hawalipi. Ndiyo maana vyama huweka kikomo cha kutoa. Kukaa ndani ya chama katika kipindi kama hiki na kuona jinsi kikomo kinavyopangwa, nani anatangulizwa, mgonjwa au mwenye ada ya shule au mfanyabiashara mkubwa anayetishia kuondoka, ni elimu ya usimamizi wa fedha ambayo wanafunzi wa miji yenye amani hawaipati.

Zipo hoja za upande wa pili zenye uzito, na sitaki kuzipitia juu juu. Ya kwanza ni kwamba stajieri wa kabini au wa COOPEC hataona baadhi ya kazi za benki: kulipana kati ya mabenki, barua za dhamana za uagizaji, uhamisho wa kimataifa, ripoti za kila mwezi kwa Benki Kuu. Ni kweli. Siku benki zitakapofungua, atakuwa nyuma kwa hayo. Lakini tulishaona kwamba stajieri wa benki naye hakuyafanya, aliyasikia. Mapengo hayo yanazibwa na wafanyakazi wa benki waliobaki mjini bila ofisi: vikao vichache vya chuoni, karatasi halisi zilizofutwa majina, na mtu anayejua akieleza safari ya uhamisho mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Watu hao wako, wengi wanasubiri, na vyuo havijawaita vya kutosha.

Hoja ya pili ni ya kisheria. Si kila anayepokea akiba ana ruhusa. Kuna wanaokusanya pesa chini ya jina la chama bila kusajiliwa, na mwanafunzi akivaa beji yao anawasaidia kuaminika. Lipo pia suala la CADECO, taasisi ya akiba ya serikali, iliyofunguliwa tena Goma na utawala wa AFC/M23 (M23 na muungano wake wa kisiasa) Aprili 2025, huku Benki Kuu kule Kinshasa ikikataa kuutambua ufunguzi huo. Mwanafunzi anayefikiria kwenda mahali palipokatwa na Benki Kuu, popote pale, lazima ajue maana yake kwa kazi: hakuna njia ya kupata noti toka Benki Kuu, hakuna kulipana na mabenki mengine, na hati ya staji inaweza kuulizwa maswali siku atakapoomba kazi Lubumbashi au Kinshasa. Chuo kinachomwachia kijana wa miaka ishirini na mbili apime jambo hili peke yake hakijatimiza wajibu wake. Kabla ya kutoa barua, chuo kiombe nakala ya ruhusa ya COOPEC, mkataba wa wakala kwa kabini, rejista ya biashara kwa duka.

Ya tatu ni usalama, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi. Daftari lenye majina, nambari za simu na masalio ya watu ni kitu cha hatari katika mji huu. Likiangukia mikononi mwa majambazi ni orodha ya nyumba za kuvamia. Kwa hiyo stajieri asitoke na karatasi yoyote ya mteja, asiipige picha, na kwenye ripoti atumie herufi au nambari badala ya majina, na hata mtaa wa kabini usitajwe. Asitumwe kubeba pesa toka sehemu moja hadi nyingine, si kwa miguu, si kwa pikipiki. Aondoke kabla ya giza, hata kama hesabu haijafungwa; itafungwa kesho asubuhi mbele yake.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuwapeleka wanafunzi nje: Butembo, Beni, Kinshasa, Lubumbashi, au ng'ambo ya mpaka. Kwa mwenye ndugu huko na nauli, aende. Lakini uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa pamoja na mabenki, safari imekuwa ndefu na ghali, na mpango unaotegemea mfuko wa mzazi unawaacha wengi. Tusijenge sera juu ya wachache.

Mambo haya yote yanaishia kwenye karatasi moja, mkataba wa staji wa pande tatu: chuo, mwenyeji na mwanafunzi. Leo mara nyingi kuna barua ya maombi tu na muhuri wa kupokelewa. Mkataba uandike kazi zenyewe. Wiki ya kwanza, kutazama na kuhesabu noti pamoja na mwenye sanduku. Ya pili hadi ya tano, kufunga hesabu ya kila jioni na kuandika sababu za mapengo, au kufuata mafaili matatu ya mkopo kwenye COOPEC, moja zuri, moja lililochelewa, moja lililokataliwa. Wiki zinazobaki, kazi moja ya kumwachia mwenyeji: jedwali la kulinganisha masalio, au kuhamisha pesa za simu kwenye akaunti ya 55. Uandike kwamba mwanafunzi hapewi nambari ya siri. Uandike, kwa herufi kubwa ikibidi, kwamba pengo la sanduku halilipwi na stajieri. Bila mstari huo, mwenyeji mbaya atamkalisha mwanafunzi kwenye meza, noti zikipungua atamdai, na mzazi wa Ndosho atauza mbuzi kulipa kosa la mtandao. Pia uandike nauli ya kila siku. Kumfanyisha mtu kazi miezi miwili huku akitembea toka Mugunga hadi katikati ya mji ni kumwambia mwenye uwezo peke yake ndiye anayestahili kujifunza.

Msimamizi wa chuo naye aende. Mara mbili zinatosha, moja bila taarifa, na akifika aombe daftari la jana tu. Mwenyeji asiye na daftari la jana hafai kupewa stajieri mwingine.

Juri ndiyo itakayoamua kama mpango huu utashika, kwa sababu mwanafunzi huandika kile anachojua kitaulizwa. Ikiendelea kuuliza mwaka wa kuanzishwa kwa taasisi na jina la mkurugenzi, itaendelea kuletewa organigramu. Iombe jioni tatu ambazo hesabu haikulingana, na jinsi pengo la kila moja lilivyopatikana au lilivyoshindikana. Iombe mkopo uliokataliwa na sababu zake kwa tarakimu. Iombe hesabu ya komisheni ifanyike ubaoni. Na hati ya staji nayo ibadilike: badala ya sentensi moja inayosema fulani alifanya staji na alikuwa na mwenendo mzuri, itaje kazi alizofanya, sarafu alizoshughulikia, idadi ya siku alizofunga hesabu na mafaili aliyofuata. Afisa wa kuajiri aliyeko Kinshasa hajui kabini ya Birere ni nini, lakini akisoma kwamba mtu huyu alilinganisha masalio manane katika sarafu mbili kwa wiki nne, anajua la kumwuliza.